SOMO: Kukusanya sarafu adimu za Uingereza za dhahabu na fedha bila kuuziwa mbuzi kwenye gunia

Wakuu, somo hili ni la wanaoishi Uingereza, wenye ndugu huko, na waliorithi pauni ya dhahabu kwa bibi wasijue wameshika nini. Jambo kubwa ni moja: kila sarafu ya aina hii ina bei mbili. Ya kwanza ni ya madini, na sonara yeyote mwaminifu atakupimia. Ya pili ni ya uadimu, na hapo ndipo watu wanapolizwa. Hatua zote zilizo hapa chini ni za kutenganisha bei hizo mbili.

Hatua ya 1: Chagua eneo dogo

Sovereign, ndiyo hiyo pauni ya dhahabu, ya kwanza ilitolewa mwaka 1489, enzi za mfalme Henry VII. Hii tunayoijua leo, yenye Mtakatifu George akimuua joka, ilianza 1817 kwa mchoro wa Mwitaliano Benedetto Pistrucci. Katikati kulikuwa na gini, sarafu nyingine ya dhahabu, iliyochapwa kuanzia 1663 hadi 1814. Baadhi ya gini zina tembo chini ya kichwa cha mfalme: ni alama ya Royal African Company, iliyoleta dhahabu kutoka Afrika Magharibi na wakati huohuo ikifanya biashara ya watumwa. Ukitaka vyote kwa mkupuo utaishia na droo ya vitu visivyohusiana. Anayeanza namshauri achukue sovereign za mfalme George V, au fedha za enzi ya Victoria, abaki hapohapo mpaka jicho lizoee.

Kabla ya kutoa hata senti, nenda British Museum, London, chumba cha 68. Kiingilio ni bure, na utaona sarafu halisi zilivyo.

Hatua ya 2: Jua bei ya madini kwa kichwa

Sovereign ina gramu 7.988 za dhahabu ya karati 22, yaani dhahabu tupu gramu 7.322. Zidisha kwa bei ya gramu ya siku hiyo. Hiyo ndiyo sakafu. Muuzaji akitaka zaidi ya hapo, akueleze ni kwa nini.

Kwa fedha, angalia mwaka kwanza. Hadi 1919 sarafu za fedha za Uingereza zilikuwa na fedha asilimia 92.5. Kuanzia 1920 ikashushwa hadi asilimia 50, na 1947 ikaondolewa kabisa, ikabaki shaba na nikeli. Kwa hiyo shilingi ya 1919 na ya 1920 zina uzito uleule, gramu 5.66, lakini ya pili ina karibu nusu tu ya fedha iliyo kwenye ya kwanza. Wapo wanaoziuza zote kwa bei moja, na wapo wanaonunua.

Hatua ya 3: Tafuta herufi ndogo

Sovereign hazikuchapwa London peke yake. S ni Sydney, M ni Melbourne, P ni Perth, C ni Kanada (Ottawa), SA ni Pretoria, na I ni Bombay, iliyochapa mwaka mmoja tu, 1918. Kwenye za George V, herufi iko juu kidogo ya mwaka, kwenye mstari wa ardhi anapokanyaga farasi. Kwenye za Victoria mwenye sura ya ujana huwa chini ya shingo yake, au chini ya ngao kama upande wa pili ni wa ngao. Pasipo na herufi, mara nyingi ni ya London.

Hesabu ya bei ya pili huanzia hapa. Chukua 1917. Za Sydney na Perth za mwaka huo zinapatikana bila shida. Ya London ni adimu sana, ingawa zilichapwa zaidi ya milioni moja, kwa kuwa nyingi zinaaminika ziliyeyushwa baadaye. Tofauti ya bei ni kubwa mno, na inategemea herufi isiyofikia ukubwa wa punje ya mtama. Sasa fikiria mtu mwenye kifaa cha kukwangulia na subira ya jioni moja. Ndiyo maana 1917 isiyo na herufi siinunui bila cheti cha mtaalamu asiyehusiana na muuzaji, hata muuzaji awe na ndevu za hekima kiasi gani.

Vivyo hivyo kwa 1819: zilichapwa 3,574 tu. Hiyo ukiikuta sokoni kwa bei ya kawaida, msalimie muuzaji uendelee na safari.

Hatua ya 4: Pima

Uwe na mzani unaosoma gramu 0.01, vernia kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo), lenzi na sumaku. Kipenyo cha sovereign ni milimita 22.05. Iliyotumika sana huweza kupungua uzito kidogo. Ikizidi gramu 8, kuna jambo.

Kisha kipimo cha maji. Weka kikombe cha maji juu ya mzani, urudishe namba kwenye sifuri. Ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba izame yote bila kugusa chini wala pembeni. Kwa sovereign, mzani utasoma takriban 0.45. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo: ukipata kati ya 17 na 18, umeshika dhahabu ya karati 22. Kwa fedha ya asilimia 92.5, jibu ni kama 10.3.

Vipimo hivi vingewaokoa watu wa 1887. Mwaka huo sarafu mpya ya fedha ya peni sita ilifanana mno na nusu sovereign, wajanja wakaipaka dhahabu, na serikali ikalazimika kuiondoa. Ukubwa ni karibu sawa, ila moja ina gramu 2.83 na nyingine 3.99.

Lakini mzani una mpaka. Baada ya Vita Kuu ya Pili, watu wa Italia na Lebanoni walitengeneza sovereign bandia, nyingi zikiwa na dhahabu halali. Faida yao ilikuwa kwenye bei ya pili. Hapo tumia lenzi: vijipele kwenye uwanda ulio wazi (sehemu isiyo na mchoro), manyoya ya farasi yaliyofifia huku sehemu nyingine zikiwa kali, na meno ya ukingoni yasiyo sawa. Linganisha na picha ya sarafu iliyothibitishwa ya mwaka uleule na kiwanda kilekile.

Hatua ya 5: Usisafishe

Si kwa majivu, si kwa dawa ya meno, si kwa kitambaa cha sonara. Weusi wa fedha kuukuu ni sehemu ya bei ya pili. Hifadhi kwenye kasha kavu, na epuka mifuko ya plastiki laini ya PVC, maana huacha ute wa kijani.

Hatua ya 6: Kununua

Mnada ni mahali pazuri, ila juu ya bei ya nyundo (bei ya mwisho iliyoshinda) kuna kamisheni anayolipa mnunuzi, mara nyingi asilimia 20 au zaidi. Itoe kwenye bajeti yako kabla hujanyoosha mkono.

MASWALI YA WANACHAMA

Tanga: Shikamoo mwalimu. Bibi kaniachia mkufu wa pauni ya Victoria, 1887, ina kitanzi. Sonara anataka kuinunua kwa uzito. Nimpe?

*Marahaba mwanangu. Kitanzi kikishachomelewa, bei ya pili karibu yote imeondoka, kwa hiyo uzito ni haki. Hakikisha tu analipa karati 22, maana wengine hukadiria 18. Na kitanzi usikikate mwenyewe.*

Muscat: Mkuu, huku sokoni naona za 1925 zinang'aa kama za jana. Feki?

*Si lazima. Royal Mint, kiwanda cha sarafu cha Uingereza, ilichapa tena sovereign za mwaka 1925 kati ya 1949 na 1952, zikiwa na George V aliyekwishafariki. Mng'ao peke yake haumtii mtu hatiani, pima. Ila usilipe bei ya uadimu.*

Nairobi: Nina shilingi ya simba, East Africa 1922. Nayo ni ya fedha?

*Ndiyo, ila fedha ni robo tu. Ni ya koloni, si ya Uingereza yenyewe. Inapatikana kwa wingi, isipokuwa ikiwa haijatumika kabisa.*

Leicester: Kaka, jirani ana kifaa cha kutafuta vyuma. Ananiuzia peni tano za fedha za enzi za mfalme Edward I (miaka kama 700 iliyopita) alizozitoa shimo moja.

*Simama kwanza. Kwa sheria ya Uingereza ya hazina zinazofukuliwa (Treasure Act) ya 1996, sarafu mbili au zaidi za dhahabu au fedha zenye zaidi ya miaka 300, zikitoka sehemu moja, lazima ziripotiwe kwa mamlaka ndani ya siku 14. Mwombe karatasi za kuripoti na makubaliano yake na mwenye shamba. Kama hana, hata akikupunguzia, usizichukue.*