Namna ya Kumtii Mungu Anapokuonyesha Njia Usiyoitaka

Kabla hujapiga magoti kumwomba Mungu akuongoze, chukua daftari uandike kwa ukweli jibu ambalo ungependa kulipata. Liandike hata kama linakuaibisha. Wengi wetu hushindwa kutii kwa sababu tulikuwa tumekwisha kuamua kabla ya kuuliza, na ugumu wa agizo lenyewe ni sehemu ndogo tu ya tatizo.

Kitabu cha Yeremia, kuanzia sura ya 41 hadi ya 43, kinaeleza jambo hili kwa namna ambayo haijaacha kunisumbua. Yerusalemu imeanguka, liwali Gedalia ameuawa, na mabaki ya watu wanamwogopa mfalme wa Babeli. Wanamwendea nabii, wanamsihi awaulizie kwa Bwana, na wanaapa kwamba watatii, jibu liwe jema au baya machoni pao. Siku kumi zinapita, kisha neno linakuja: kaeni katika nchi hii, msiende Misri. Wanamwambia Yeremia kwamba anasema uongo. Ukirudi nyuma kidogo, mwisho wa sura ya 41, utaona kwamba watu hawa walikuwa wameshapiga kambi karibu na Bethlehemu, wakiwa njiani kwenda Misri, kabla hata hawajauliza.

Mimi nayaandika haya nikiwa Tukuyu, mahali ambapo sikukusudia kuishi tena. Mama alipopatwa na kiharusi, nilikuwa nimepata kazi Dodoma, na kodi ya chumba ya miezi sita nilikuwa nimeshailipa. Ndugu zangu wa kiume walikuwa mbali na familia zao. Mtoto wa kike nilikuwa peke yangu. Nilifunga na kuomba juma zima, na jibu nililijua siku ya pili. Siku tano zilizobaki nilikuwa naomba Mungu abadilishe neno lake, kama Balaamu alivyouliza tena baada ya kukatazwa, wakati wajumbe wenye heshima kubwa zaidi walipomfikia na ahadi nono. Kwa hiyo andika, kisha jiulize kambi yako umeipiga wapi.

Baada ya hapo pima ulichokisikia, maana njia haithibitiki kuwa ya Mungu kwa kuwa ngumu tu. Ilinganishe na Maandiko yote, wala usitegemee mstari mmoja ulioangukia macho kwa kufungua Biblia ovyo. Wamoraviani, ambao wamisionari wao walifika Rungwe mwaka 1891, walikuwa na desturi ya kupiga kura ili kuyajua mapenzi ya Mungu, zamani hata katika mambo ya ndoa, lakini sinodi yao kuu iliiacha desturi hiyo mwaka 1889. Mpelekee suala lako mzee wa kanisa au mama mcha Mungu ambaye hana faida yoyote katika uamuzi wako. Toa muda pia; hata Yeremia alingoja siku kumi. Na hapa naomba nisieleweke vibaya: mtu anayekupiga, anayekunyang'anya mali au anayekudhalilisha, kisha anakwambia uvumilie kwa sababu Mungu amesema, usimchanganye na Mungu. Toka hapo, utafute msaada.

Ukishajua kwamba agizo ni lake, mwambie Mungu kwamba hulitaki. Zaburi ya 13 inaanza kwa kumuuliza Bwana atasahau hata lini, na Bwana Yesu mwenyewe pale Gethsemane aliomba kikombe kiondolewe, akarudia maombi yaleyale mara tatu kabla ya kwenda. Kunyamaza na kujifanya umekubali huzaa kinyongo kinachokuja kumwagikia watu wa nyumbani. Ushauri wangu mdogo ni kwamba uyasemee maumivu hayo katika lugha uliyolelewa nayo, iwe Kinyakyusa, Kihehe, Kibena au Kikinga. Kwa Kiswahili nilikuwa naomba sala nzuri za kanisani. Kwa Kinyakyusa nilimwambia Mungu kwamba nimechoka na nina hasira naye, na usiku huo ndipo nilipopata usingizi.

Kisha fanya tendo dogo la kwanza, wala usingoje moyo ukubali. Mwanzo 22 haituambii Ibrahimu alijisikiaje alipoambiwa amtoe Isaka. Inatuambia kwamba aliamka asubuhi na mapema, akatandika punda, akachanja kuni. Hebu zifikirie kuni hizo, moja baada ya nyingine, na siku tatu za safari zikiwa bado mbele. Kwangu tendo la kwanza lilikuwa kumpigia simu mwenye nyumba wa Dodoma, na la pili kununua mpira wa kutandika kitandani. Asubuhi iliyofuata, mvua ya Tukuyu ikinyesha, nilichemsha uji wa ulezi nikamlisha mama kijiko kwa kijiko. Upande wa kulia wa mdomo ulikuwa hauna nguvu, uji ukawa unashuka kidevuni, nami naukinga kwa upindo wa khanga. Kikombe kimoja kilituchukua karibu saa nzima. Moyo wangu siku hiyo ulikuwa bado Dodoma, lakini mikono ilikuwa inatii, na nimejifunza kwamba Mungu huipokea mikono wakati anaendelea kuungoja moyo.

Tendo la kwanza likishapita, kazi kubwa inayobaki ni kukaa. Nabii Hanania aliwaahidi watu kwamba ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu na mateka wangerudi kutoka Babeli; Yeremia akawaandikia waliohamishwa wajenge nyumba, wapande bustani na kuuombea mji ule amani, kwa kuwa miaka ingekuwa sabini. Mtu anayetii huku akihesabu siku za kuondoka huishi nusunusu, na wale anaowahudumia huliona jambo hilo haraka. Fanya kitu kinachohitaji muda mrefu kuliko ule uliojiwekea moyoni. Mimi nilipanda miche ya parachichi iliyobebeshwa nyuma ya nyumba, ambayo huchukua kama miaka mitatu kuanza kuzaa, na siku niliyochimba yale mashimo ndiyo siku niliyoacha kumuuliza Mungu yataisha lini.

Siku utakapogeuka nyuma, rudi siku hiyohiyo. Katika Mathayo 21 Bwana Yesu anasimulia habari za wana wawili walioambiwa na baba yao wakafanye kazi shambani. Aliyekataa kisha akatubu na kwenda ndiye aliyefanya mapenzi ya baba. Mwaka wa pili nilimwachia jirani funguo, nikapanda Coaster bila kuaga, nikashuka Uyole penye njia panda na begi langu mkononi. Mabasi ya kwenda mbali yalipita, nami nikashindwa kupunga mkono. Nilipofika nyumbani giza lilikuwa limeingia. Mama, ambaye ulimi wake ulikuwa bado mzito, aliniuliza kama nimekula.