Namna ya kuingiza umeme wa upepo kwenye gridi bila kuyumbisha taa za Dar es Salaam

Umeme wa gridi hufuliwa na kutumika katika sekunde ile ile, na kipimo kinachoonyesha kama pande hizo mbili zinalingana ni masafa, yaani idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde, ambayo kwa Tanzania ni hezi 50. Viyoyozi vya Posta na viwanda vya Chang'ombe vikivuta zaidi ya kinachofuliwa, majenereta yote yaliyoungana hupungua mwendo na masafa hushuka. Vikivuta pungufu, hupanda. Kwa hiyo anayepanga kuongeza upepo asianze kwa kuuliza gridi itapokea megawati ngapi, bali aulize ni kitu gani kitakachojaza pengo upepo ukipungua, na kwa haraka kiasi gani.

Anza na tabia ya upepo wenyewe. Nguvu yake hufuata kipeo cha tatu cha kasi, kwa hiyo mtambo ambao haujafikia uwezo wake wa juu hupoteza karibu nusu ya umeme wake upepo ukishuka kutoka mita 10 hadi mita 8 kwa sekunde. Kosa dogo la utabiri hugeuka kuwa pengo kubwa la megawati. Pima upepo katika kimo kile kile ambacho mapanga yatazunguka, kwa mwaka mzima usiopungua, ili msimu wa kusi na wa kaskazi yote iingie kwenye hesabu. Baadaye hakikisha kila shamba la upepo linatuma vipimo vyake moja kwa moja kwenye chumba cha kuongozea gridi, na utabiri unasahihishwa mara kadhaa kwa siku. Pia tawanya mashamba. Singida na Makambako, maeneo mawili yanayotajwa sana kwa upepo, yametengana kwa zaidi ya kilomita 400, na ni nadra upepo kutulia katika sehemu zote mbili kwa dakika moja.

Hatua inayofuata ni akiba, yaani uwezo wa kufua umeme unaowekwa tayari bila kutumika, nami naiona kuwa kiini cha kazi yote. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Hii ina maana kwamba gridi inapaswa kuwa tayari, hata bila upepo, kuhimili kupotea kwa megawati 235 kwa ghafla. Shamba la upepo la megawati 100 lililounganishwa kwa njia yake ya umeme peke yake haliongezi ukubwa wa pigo hilo moja. Linaongeza kazi ya kufuatilia mabadiliko ya dakika hadi saa. Lakini mashamba matatu ya namna hiyo yakiegemea njia moja, yahesabiwe kuwa kitu kimoja, kwa sababu njia ikikatika yote huondoka pamoja.

Maji ni mwenzi mzuri wa upepo, ila mpangaji ajue mipaka yake. Tuseme kidhibiti mwendo cha mtambo wa megawati 235 kimewekwa ili masafa yakishuka kwa asilimia 4 mtambo utoe uwezo wake wote. Basi masafa yakipungua kwa nusu hezi, mtambo huo utaongeza takriban megawati 59, mradi haukuwa umeshajazwa. Mtambo unaoendeshwa hadi ukomo hauna akiba hata kama bwawa limejaa. Aidha, lango la maji linapofunguliwa ghafla, shinikizo ndani ya bomba hushuka kwanza, na umeme hupungua kidogo kabla ya kupanda. Kwa sababu hiyo sekunde za mwanzo ni bora zikabidhiwe betri, na maji yabebe dakika na saa zinazofuata. Wakati wa masika, bwawa likiwa limejaa, kupunguza mitambo ya maji ili kupisha upepo hakuokoi maji yoyote. Yatamwagwa tu kuelekea bonde la chini, ambako wakulima wa Rufiji wanaishi na matokeo yake.

Masharti ya kuunganishwa yaandikwe kabla ya mkataba kusainiwa. Tarehe 28 Septemba 2016, dhoruba iliangusha nguzo za njia kuu katika jimbo la Australia Kusini. Volti ilishuka mara kadhaa ndani ya dakika mbili, na mipangilio ya kinga, ile inayoamua mtambo ujitenge lini na gridi, katika mitambo mingi ya upepo, ambayo waendeshaji wa gridi hawakuifahamu, ikaondoa megawati 456 ndani ya sekunde chache. Njia ya kutoka Victoria ikazidiwa, na jimbo zima likaingia gizani. Sharti ni hili: mtambo uhimili mishuko ya volti inayofuatana, mwekezaji akabidhi mipangilio yote, na mipangilio hiyo ijaribiwe kwenye kompyuta kabla ya nguzo ya kwanza kusimikwa.

Mitambo ya upepo ya kisasa huungana na gridi kupitia vifaa vya kielektroniki, hivyo uzito wake unaozunguka hauzuii masafa kuporomoka kama unavyofanya uzito wa majenereta ya maji na gesi. Usiku wa manane, matumizi yanapokuwa madogo, kishawishi ni kuzima gesi yote ya Kinyerezi na Ubungo. Usikubali kabla ya kuhesabu uzito uliobaki, tena kumbuka kwamba mitambo hiyo, kwa kuwa karibu na watumiaji, husaidia pia kushikilia volti ya jiji.

Njia ya kusafirisha itangulie mitambo. Nchini Kenya, mitambo 365 ya mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, yenye jumla ya megawati 310, ilikuwa tayari mwaka 2017, lakini njia ya umeme ya kwenda kituo cha Suswa ilikamilika mwaka 2018.

Mwisho, pitia mpango wa kukata mzigo, yaani kuwazimia umeme baadhi ya wateja ili kuokoa gridi masafa yanaposhuka mno. Uingereza, tarehe 9 Agosti 2019, ilipoteza umeme wa shamba la upepo la Hornsea na wa kituo cha gesi karibu kwa wakati mmoja. Masafa yakashuka hadi hezi 48.8, na wateja zaidi ya milioni moja wakakatiwa umeme, uwanja wa ndege wa Newcastle ukiwemo. Baadhi ya treni zilisimama kwa sababu ya mipangilio yake zenyewe. Kwa Dar es Salaam, kagua kama njia zinazokatwa mwanzo hazilishi Muhimbili wala pampu za Ruvu Juu na Ruvu Chini, na uwaulize waendeshaji wa treni ya SGR treni zao hufanya nini masafa yakifika hezi 49. Majibu yapatikane kwa maandishi, na orodha ya njia hizo irudiwe kila mwaka.