Kufufua boti kuukuu ya alumini kwa pesa kidogo: anza chini ya maji

Boti ninayotumia sasa niliikuta chini ya mfenesi, kwenye uwanja wa nyumba ya wageni iliyofungwa Entebbe. Futi 14, alumini iliyoungwa kwa ribiti (vijiti vya metali vyenye kichwa, vinavyogongwa mkia ili kubana bati), imelala mdomo juu, majani yaliyooza yamejaa hadi kwenye mabao ya kukalia. Mwenyewe alitaka kuipeleka Kisenyi, Kampala, ikauzwe kwa kilo kama masufuria mabovu. Nikampa bei ya chuma chakavu na nyongeza kidogo, nikaipakia kwenye Canter hadi Masese, Jinja. Leo inahudumia vizimba vyetu vya sato: chakula cha samaki asubuhi, walinzi jioni, na mavuno siku yake ikifika.

Wanaonitembelea huniuliza kwanza nimepaka rangi gani na sakafu nimeitengenezaje. Hayo ni ya mwisho kabisa. Alumini hailiwi na kutu kama chuma. Ikiachwa tupu hujifunika utando mwembamba unaoilinda yenyewe. Kinachoiua ni metali nyingine iliyoigusa kwenye unyevu, shaba hasa. Kwa hiyo shilingi yako ya kwanza iende pale ambapo maji na metali ya pili vinakutana. Kikibaki kitu, ndipo urembeshe.

Hatua ya kwanza: ivue yote

Toa mabao, sakafu, nyaya, kila kitu. Chini ya mabao ya kukalia utakuta povu gumu la kuelea, jeupe au la njano. Kata kipande ukikamue. Kikitoa maji, toa povu lote bila huruma. Sisi tulijaza magunia matatu, na gunia moja liliwashinda vijana wawili kulinyanyua. Kitu kilichowekwa kuizuia boti isizame kilikuwa kimegeuka nanga iliyofichwa ndani yake.

Kisha safisha ngama, yaani kule chini kabisa maji yanakotuama. Okota sarafu, vipande vya waya wa shaba, risasi za nyavu, misumari. Mimi nilitoa kipande cha waya kisichozidi kidole, na alumini chini yake ilikuwa imechimbika mstari wa vishimo vyenye unga mweupe. Unga huo mweupe ndio dalili ya ugonjwa. Kila unapouona, kwangua hadi ufikie metali inayong'aa, ujue ndani kumebaki nini.

Hatua ya pili: tia maji ndani ya boti

Wengi huisukuma boti ziwani, wakakaa ndani kutafuta maji yanapoingilia. Utayaona maji, lakini mlango wake hutauona, maana yanatambaa chini ya mataruma, yaani mbavu za ndani za boti, kabla ya kujitokeza mahali pengine. Fanya kinyume. Iweke boti juu ya magogo, mkuku, yaani uti wa chini wa boti, ukiwa umeegemezwa sehemu nne au tano, halafu mimina maji ndani hadi yafunike safu za chini za ribiti. Usijaze. Sentimita 10 tu za maji kwenye sakafu ya mita tatu za mraba ni kilo 300, na boti isiyoegemezwa vizuri itapinda.

Mtu mmoja apite chini na kalamu ya wino mzito akizungushia duara kila tone. Fanya jioni au kivulini, kwa sababu jua la mchana hukausha tone dogo kabla hujaliona. Subiri saa nzima, kwani mivujo ya polepole hujitokeza mwishoni. Yangu ilikuwa na alama 41, na sehemu moja tu kati ya hizo ndiyo ningeibahatisha kwa macho.

Hatua ya tatu: ribiti

Ribiti iliyolegea haijafa. Mmoja akandamize nyundo nzito, ya kilo tatu au nne, kwenye kichwa cha ribiti kwa nje. Mwingine agonge mkia kwa ndani kwa nyundo ndogo, mapigo mafupi manne au matano. Ukizidisha, unapasua bati. Kati ya zile 41, ribiti 29 zilinyamaza kwa njia hii peke yake, bila kununua chochote.

Zilizobaki zikate. Toboa kichwa katikati kwa drili, sukuma mkia utoke, kisha weka ribiti nene kidogo kuliko ya zamani, kwa sababu tundu limeshapanuka. Ribiti ngumu ya milimita 4.8 iache mkia wa milimita 7 hivi wa kugonga, yaani mara moja na nusu ya unene wake. Ipake gundi ya poliuretani kabla ya kuiingiza. Wauza vioo vya magari wanayo. Ndiyo inayoshika vioo vya mbele vya mabasi. Silikoni ya bafuni usiiguse. Inabanduka, na baada yake hakuna rangi wala gundi itakayoshika hapo.

Zile ribiti za bastola za mafundi wa madirisha zina tundu katikati na kijiti cha chuma ndani. Tundu linavuja, kijiti kinashika kutu. Kama mkono haufiki nyuma ya bati na huna njia nyingine, tafuta zile zilizozibwa mwisho, alumini tupu.

Hatua ya nne: nyufa

Toboa tundu la milimita 3 mwisho wa ufa, pande zote mbili, la sivyo ufa utaendelea kutembea chini ya kiraka chako. Kiraka kipite ufa sentimita 5 kila upande, pembe zake zikatwe mviringo, gundi itandazwe chini yake yote, ribiti zifuatane kila sentimita mbili na nusu. Bati lililotoka kwenye bodi ya trela kuukuu hufaa. La sufuria ni laini mno. Muuza chakavu akikuletea bati lenye rangi za alama ya barabarani, mrudishie. Kona iliyonyang'anywa alama yake itaua mtu.

Kuhusu kuchomelea: fundi wa mageti na mashine yake ya vijiti vya chuma hawezi kazi hii, hata awe hodari vipi. Alumini huyeyuka kwa nyuzi 660, lakini ule utando wake huyeyuka karibu nyuzi 2,070. Ukingoja utando ulegee, bati lote limeshadondoka. Inahitajika mashine yenye gesi ya agoni na waya wa alumini, na fundi aliyeizoea. Kampala wapo, bei yao si ndogo. Kwa bati la milimita moja na nusu, mimi nachagua ribiti na gundi.

Hatua ya tano: ubao wa injini

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa niliumia. Boti ya kwanza ya kikundi chetu niliitengenezea ubao wa nyuma kwa mbao za kijani, zilizotiwa dawa kama nguzo za umeme. Niliona nimepata mbao zisizooza. Dawa ile ina shaba. Msimu mmoja ulipopita, nilifungua bolti nikakuta alumini imetobokatoboka kama chujio, na injini ilikuwa inaning'inia kwenye bati lisilo na nguvu. Kijana wetu mmoja alikuwa akienda nayo vizimbani kila alfajiri. Mpaka leo nikiona ubao wa kijani karibu na boti naenda kuuliza.

Tumia mvule mkavu, au plaiwudi ya majini vipande viwili vilivyogandishwa pamoja. Paka epoksi (gundi ngumu ya kuchanganya vimiminika viwili) pande zote, hasa kwenye kingo na ndani ya kila tundu la bolti, kwa maana ndimo maji yanamoingilia. Bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu, lakini nazo ni metali ya kigeni: zivike washa za plastiki na gundi ili zisiguse alumini moja kwa moja.

Hatua ya sita: kuelea

Povu jipya la majini ni ghali. Mimi nilitumia jerikeni za lita 20, mpya, vifuniko vimezibwa kwa gundi, zikafungwa kwa mikanda chini ya mabao. Mikanda ni lazima, kwani jerikeni iliyochomoka ikaelea peke yake haimsaidii mtu. Hesabu yake hii: alumini ndani ya maji hubaki na kama asilimia 63 ya uzito wake. Boti ya kilo 90 inahitaji kuinuliwa kilo 57, injini ndogo kama kilo 30 nyingine. Jerikeni tano zinatosha kuizuia isiende chini. Nimeweka tisa, zote zikiwa juu kando ya mbavu badala ya sakafuni, ili boti ikijaa maji ibaki wima na watu wapate cha kushika.

Rangi: ndani sikupaka. Nje nilisugua kwa msasa, nikaosha, nikapaka praima ya epoksi siku ileile. Ile rangi ya kuzuia viumbe vya baharini visigande kwenye boti mara nyingi ina shaba, na ziwani kwetu hakuna cha kuzuia isipokuwa utelezi wa kijani unaotoka kwa brashi. Sakafu ni plaiwudi ya milimita 12, inatoka yote kwa kusafisha ngama. Iweke chini iwezekanavyo. Jukwaa lililoinuliwa kwenye boti ya futi 14 linaipindua.

Maswali niliyoulizwa

*Mvuvi wa Kalangala:* Mzee, nikiimaliza naweza kuweka nyavu za sangara?

Hapana, kaka. Kwenye Ziwa Victoria boti ya uvuvi iliyo chini ya futi 28 haikubaliki, na wanajeshi wa doria wamekuwa wakizikamata. Yangu ni ya kazi za vizimba. Nenda kwa afisa uvuvi wa wilaya yako kabla hujanunua hata ribiti moja.

*Dada wa Ggaba:* Nimeambiwa nifunge kipande cha zinki ili kiliwe badala ya boti. Ni kweli?

Wazo ni la kweli, dada, ila zinki ni ya bahari. Kwenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, hujivika ganda ikaacha kazi. Ziwani hutumika magnesi. Na kama boti unaivuta ufukoni kila jioni ikakauka, hiyo pesa nunulia jaketi la kuokolea.

*Kijana wa Wanseko:* Injini ya rafiki yangu ina nguvu kwangu kuliko alipoitumia Jinja. Inawezekana?

Inawezekana, mwanangu. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya bahari, Ziwa Albert huko kwako mita 600 na kitu. Hewa ikiwa nyepesi injini hupoteza nguvu; huku kwetu ni kama sehemu moja ya kumi. Usinunue injini kubwa kwa ajili hiyo. Badilisha pangaboi, uchukue lenye hatua fupi, yaani linalosukuma boti umbali mdogo kwa kila mzunguko.

*Fundi wa Katosi:* Taa ya sola, ule waya hasi naufunga kwenye bodi kama gari?

Usithubutu, fundi mwenzangu. Ukiifanya bodi iwe njia ya umeme unaharakisha kuliwa kwake. Vuta nyaya mbili hadi kwenye betri.

*Mama wa kwaya, Mukono:* Futi 14 inachukua watu wangapi? Tuko tisa, tunavuka mara moja tu.

Mama, kama haina kibao cha kiwandani kinachotaja idadi ya watu, zidisha urefu kwa upana kwa futi, gawanya kwa 15. Yangu ni 14 mara 5, ni 70. Ukigawanya unapata nne na kitu. Ni watu wanne, maji yakiwa yametulia, kila mmoja na jaketi mwilini. Novemba 2018, upande huohuo wa Mukono, boti ya starehe MV Templar ilizama ikiwa mbovu na imejaa kupita kiasi, wakafa watu zaidi ya 30. Tisa vukeni mara tatu, asubuhi, kabla upepo haujaamka. Mkikosa petroli ya safari ya tatu, niambie.