Mtoto akinywa mafuta ya taa usimtapishe: namna ya kukaa na sumu nyumbani na nini ufanye ikitokea

Mtoto wa dada yangu alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane. Chupa ilikuwa ile ndogo ya maji ya kunywa, nusu lita, imeachwa sakafuni pembeni ya mlango sababu mtu alikuwa anajaza taa akaitwa nje mara moja tu. Mtoto ana kiu, anaona chupa anayoijua, ndani kuna kitu kinafanana kabisa na maji, atajuaje?

Tulichofanya pale ni makosa matupu. Mmoja akamtia kidole kooni atapike, mwingine akakimbilia maziwa. Akatapika, akaanza kukohoa, na usiku ule akalazwa anapumua mbiombio mbavu zinaingia ndani, siku nne kwenye oksijeni. Alipona, namshukuru Mungu kila nikimuona anakimbia. Nesi ndo alikaa na sisi akatuelewesha kwamba mafuta ya taa hatari yake kubwa iko kwenye mapafu, ni mepesi mno, yanateleza tu kuingia njia ya hewa, sasa ukimtapisha mtoto unayapitisha palepale kwa mara ya pili. Ndo maana naandika hii, nataka ukijue kabla, sisi tulikijua baadae.

Kwahiyo la kwanza kabisa: aliyemeza sumu usimtapishe. Sio mafuta ya taa na petroli tu, hata asidi, magadi makali na dawa za kuzibulia sinki, hizo zimeshaunguza koo zikishuka, zikipanda zinaunguza tena. Maji ya chumvi usimpe, mafuta ya kupikia usimpe, mkaa wa jikoni uliosagwa usimpe (kuna mkaa maalum wa hospitali ila huo ni wa daktari kuamua na una muda wake). Na maziwa sio dawa ya sumu, najua tumelelewa hivyo lakini hayaondoi sumu, yanakupotezea dakika na yanaongeza cha kutapika.

Unachofanya ni hiki. Toa kilichobaki mdomoni, msukutue kama anaweza, mvue nguo zilizomwagikiwa maana dawa nyingi za wadudu zinapita kwenye ngozi, muoshe na maji mengi na sabuni, na wewe unayemuosha vaa glavu au hata mfuko wa plastiki mikononi. Ikiingia jichoni, maji safi yatiririke dakika 15 mpaka 20, usikate hapo katikati sababu analia. Akiwa hana fahamu ila anapumua mlaze ubavu, usimpe kitu chochote mdomoni. Afu anza safari. Usisubiri uone dalili kwanza, mtoto anaweza kuwa anacheza vizuri tu saa ya kwanza na baada ya masaa machache kifua kinabana.

Na jamani, beba chupa. Hii watu wanaisahau kuliko zote. Beba chupa yenyewe, pakiti, kidonge kilichobaki, ikishindikana piga picha lebo pande zote. Kuna nchi mtu anapiga namba moja tu na mtaalamu wa sumu anamuongoza kwenye simu, lakini kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani (WHO) chini ya nusu ya nchi wanachama ndo zina kituo kama hicho na nchi maskini ndo nyingi hazina. Sasa kama hakuna wa kumpigia, lebo ndo inaongea na daktari. Dawa ya wadudu ya kundi la organofosfeti mgonjwa anatoka jasho, mate, machozi, anaharisha, mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano, na ipo dawa yake, atropini. Parakwati ya kuulia magugu haina dawa ya kuiondoa, mkupuo mmoja tu unaua mtu mzima, hapo kila dakika ina maana. Daktari akijua ni ipi hapotezi muda kubahatisha. Mwambie pia kimemezwa saa ngapi na kiasi gani, hata ukikadiria.

Vidonge navyo, usividharau. Vile vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito ni vyekundu vinang'aa kama pipi, vichache tu vinaweza kumuua mtoto mdogo. Parasetamoli nyingi ndo inadanganya zaidi: siku ya kwanza mtu yuko sawa, ini linaharibika siku ya pili na ya tatu, wakati dawa yake inafanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya masaa 8 tangu ameze. Anayesema "mbona yuko poa tu" muache aseme, wewe nenda.

Tuje kwenye kuhifadhi, na hapa sheria ni moja, sumu haihamishwi chombo. Haijalishi ni kidogo, haijalishi ni ya leo tu, haijalishi umeandika kwa kalamu juu ya chupa, mtoto hasomi na mtu mzima akiwa na kiu gizani hasomi pia. Wanaopima dawa ya kunguni au ya panya kwenye vifuko visivyo na lebo, usinunue kwao, hujui ulichobeba, na mara nyingine ndani ni dawa kali ya shambani isiyotakiwa kuingia nyumba ya watu. Dawa za shamba zikae kwenye boksi la kufuli, funguo na mtu mmoja. Kufuli hilo linamlinda mtoto na linamlinda pia mtu mzima aliyezidiwa na maisha, sababu mawazo ya kujidhuru mara nyingi yanakuja na kupita, kinachoua ni sumu kuwa karibu saa ileile. Sri Lanka walianza kupiga marufuku dawa za shamba zilizo kali zaidi, na ndani ya miaka 20 kuanzia 1995 vifo vya kujiua vikashuka kwa takriban asilimia 70. Kama kuna mtu nyumbani unamuona hayuko sawa, hamisha hilo boksi leo na kaa naye uongee naye.

Usichanganye dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe na asidi ya kusafishia choo hata uchafu ukigoma vipi, inatoka gesi inayochoma mapafu. Jiko la mkaa usilale nalo ndani. Mkaa unaowaka unatoa gesi ya kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi na inang'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwahiyo mkiamka chumba kizima mnaumwa kichwa kwa pamoja msiseme ni malaria, fungueni milango mtoke nje kwanza.

Kuna sumu za polepole pia. Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, watoto zaidi ya 400 walikufa kwa madini ya risasi sababu mawe ya dhahabu yalikuwa yanasagwa majumbani na vumbi linatua kila mahali. Kama unafanya kazi ya dhahabu au unavunja betri za gari, fanyia mbali na nyumba, oga na ubadilishe nguo kabla hujambeba mtoto. Na dawa ya maji ya kikohozi nunua duka la dawa lililosajiliwa. Gambia mwaka 2022 watoto wapatao 70 walikufa kwa figo kufeli na uchunguzi ukaelekea kwenye dawa za maji zilizokuwa na kemikali ya viwandani. Mtoto akinywa dawa ya maji afu akaacha kukojoa, mkimbize na chupa yake.

Cha mwisho ni galoni tupu la dawa ya shamba, lile zuri lenye mfuniko mkali ambalo kila mtu analitamani kuwekea maji. Lisuuze mara tatu, maji ya kusuuzia yamimine kwenye bomba la kupulizia uyapulize palepale shambani, afu toboa tako lake kwa msumari, matundu matatu manne, mpaka hata ukilijaza maji hayakai.