Wagumu (wapagazi) wa kike Kilimanjaro: namna ya kuwapata, na namna ya kuwafanya warudi tripu ya pili

Kila msimu ukikaribia napigiwa simu na wenye kampuni za kupandisha wageni. "Dada, tutafutie wasichana. Siku hizi wageni wanauliza kama tuna wanawake." Nawapa majina. Wasichana wapo Kilema, wapo Mamba, wapo Uru na Old Moshi. Tangu wadogo wamepanda na kushuka mabonde wakiwa na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Mwezi unaofuata napigiwa tena na mtu yule yule: "Wale wa juzi wamekataa kurudi, nipatie wengine."

Mimi nilianza kubeba mzigo mwaka 2009, nikawa msaidizi wa mwongozaji, na sasa ni mwongozaji mkuu. Nawaandikia wenye kampuni na waongozaji wenzangu wa Moshi, Marangu, Machame na Arusha. Kuwapata wanawake ni kazi ya simu mbili. Kazi yenyewe iko kwenye tripu ya pili, na mara nyingi tripu hiyo inaamuliwa kambini usiku, wageni wakishalala.

Tripu yangu ya kwanza ilikuwa njia ya Machame, kikosi cha watu zaidi ya thelathini, mwanamke nikiwa peke yangu. Mzigo haukunishinda. Kambi ya kwanza niliingia katikati ya msafara, nyuma yangu wakiwa wanaume kumi na zaidi. Wageni walikula, wakaenda kulala, na wagumu kama kawaida wakaingia kulala kwenye hema la kulia wageni, bega kwa bega. Nikaambiwa, "Ingia, jibanze." Nilikaa nje nimejifunga kanga juu ya jaketi, mpaka mpishi, mzee mmoja wa Kibosho, akaniita hema la jiko. Nililala nimekunja miguu kati ya mtungi wa gesi na ndoo ya viazi. Usiku wa tatu, kambi ya Barranco, siku zangu zilianza wiki nzima kabla ya wakati wake. Sikuwa na pedi, nikachana kanga. Choo cha wageni kilikuwa hatua chache kutoka pale, lakini sisi hatukuruhusiwa kukisogelea. Tulipofika geti la Mweka niliapa kwamba mlima huu mimi basi.

Nilirudi kwa sababu mwongozaji mmoja wa kampuni nyingine alinitumia ujumbe: mtakuwa wanawake wawili, na mtakuwa na hema lenu. Hakuandika kingine.

Wapande wawili au zaidi

Usimpandishe mwanamke mmoja kati ya wanaume ishirini ukadhani umefungua mlango. Akiwa peke yake hana wa kwenda naye msalani gizani, hana wa kumwambia kichwa kinamuuma kabla hakijawa jambo la kushushwa kwa machela, na kila kosa lake linakuwa kosa la wanawake wote. Anza na wawili, wakiwa watatu ni bora zaidi. Kama tripu yako ni ndogo na nafasi iliyobaki ni moja, mwache asubiri tripu kubwa. Na katika hao wawili, jitahidi mmoja awe amewahi kupanda. Anayepanda mara ya kwanza hajui kwamba soksi zilizolowa unazivua kabla ya kulala, au kwamba kambi ya Barafu huamki bila kofia; akifundishwa na mwenzake anasikia vizuri kuliko kupigiwa kelele na mtu mwenye haraka.

Hema lao

Hili ndilo nitakaloling'ang'ania hata mkichoka kunisikia. Hema la watu wawili au watatu lina uzito wa kilo tatu hivi. Tafuta nafasi yake kwenye mizigo mapema, mkiwa bado Moshi, kwa sababu likisubiri getini ndilo litakaloachwa. Mtaje kwa jina mtu wa kulibeba. Kambini liwe limesimama kabla giza halijaingia, karibu na hema la jiko ambako watu wapo na mwanga upo. Usilipeleke pembeni kwenye mawe eti wapate faragha: faragha ya kule ni hatari. Zipu iwe inafungwa kwa ndani. Ikague mwenyewe stoo, kwa maana hema lililochakaa ndilo hupewa wagumu, na zipu huwa ya kwanza kufa.

Na tafadhali, asilazwe mtu hema la jiko, awe mwanamke au mwanamume. Jiko likiwaka ndani ya hema lililofungwa, hewa yake inaua bila harufu wala kelele. Mzee yule alinitendea wema kwa alichokuwa nacho, lakini sasa najua ni Mungu tu aliyetuamsha.

Njia ya Marangu ina vibanda, Mandara kwenye mita 2,720, Horombo 3,720 na Kibo 4,720, na waongozaji wengi wanaona huko hakuna tatizo. Tatizo lipo. Vibanda vya wagumu ni chumba kimoja na vitanda vya juu na chini, na anayefika kwanza anashika. Mtume msaidizi wako atangulie, azungumze na walinzi wa kambi, awashikie wanawake kona moja pamoja.

Choo na hedhi

Weka pedi kwenye sanduku la huduma ya kwanza, pakiti tatu kwa tripu ya siku saba, na mifuko ya giza ya kushushia taka. Miinuko huvuruga mzunguko. Hata msichana anayejua hesabu zake vizuri anaweza kushtukiziwa, kama ilivyonikuta. Litaje jambo hili kwenye kikao cha kabla ya safari, wanaume wakiwepo: "Pedi zipo kwenye sanduku, anayezihitaji anachukua, haombi." Sema mara moja, kwa sauti ile ile unayosemea habari ya maji na chumvi, kisha endelea na mengine. Mwanzoni kuna vijana watacheka. Usicheke nao.

Choo cha kubebeka cha wageni, kama kipo, wanawake wa kikosi wakitumie usiku. Niliwahi kubishana na mwenye kampuni juu ya hili, akasema wageni watalalamika. Tangu niruhusu mimi mwenyewe kwenye tripu zangu, hakuna mgeni aliyelalamika. Mmoja aliniuliza kwa nini zamani haikuwa hivyo, nikakosa jibu.

Mizani

Mzigo wa mgumu mwisho wake ni kilo 20, na getini unapimwa. Mwanamke apimiwe kilo zile zile na alipwe fedha zile zile. Nimeona kampuni zikimpa msichana kilo kumi na mbili kwa huruma, kisha zikamlipa nusu, na wanaume wakabeba zilizobaki wakinung'unika njia nzima. Huruma ya namna hiyo inamfanya achukiwe. Kama hawezi kilo 20, na wapo wasioweza kama walivyo wanaume wasioweza, mpe kazi nyingine yenye malipo yake kamili: kuhudumia mezani, kusaidia jikoni.

Jambo la pili kuhusu mizani ni lile linalofanyika baada ya mizani. Kona ya kwanza ndani ya msitu, mtu anafungua begi lake na kuhamishia unga na sukari kwa mgumu mgeni asiyejua kukataa. Mara nyingi ni msichana. Mwongozaji mkuu, tembea na mizani ndogo ya kuning'iniza, na upime tena kambi ya kwanza mbele ya watu wote. Ukifanya hivyo tripu mbili mfululizo habari zinasambaa Moshi nzima.

Orodha, na anayeishika

Nimefika mahali pagumu, na sitapaita kwa jina laini. Mgumu hapandi bila jina lake kuwa kwenye orodha. Orodha inashikwa na mtu mmoja, na mtu huyo akiwa na njaa, anaiuza. Wanaume wanadaiwa sehemu ya malipo au ya tipu. Wanawake wanadaiwa miili yao. Wapo wasichana wenye miguu ya kupanda mlima huu mpaka wazeeke ambao leo wanauza ndizi sokoni kwa sababu walikataa kudaiwa hivyo, na wapo walioshindwa kukataa kwa sababu nyumbani kulikuwa na ada ya mtoto. Hili limenitokea mimi pia. Sitasema zaidi ya hapo.

La kufanya ni hili. Kwanza, orodha ya wagumu itoke ofisini, isitoke mfukoni mwa mwongozaji. Pili, awepo mwanamke ofisini ambaye namba yake ya simu inasomwa kwenye kikao na kuandikwa kwenye kadi ya kila mgumu, na akipigiwa awe na mamlaka ya kumsimamisha mtu kazi siku hiyo hiyo, hata kama ni mwongozaji anayependwa na wageni. Tatu, malipo na tipu zisipite mkononi mwa "kaka" aliyemleta. Tipu itangazwe mbele ya kikosi kizima, kiasi gani kwa mgumu, kiasi gani kwa mpishi, na kila mtu apokee na kusaini mwenyewe. Nne, kubali kuchunguzwa. Shirika la KPAP, lililoanzishwa mwaka 2003 kuwatetea wagumu wa Kilimanjaro, lina utaratibu wa kuwasikiliza wagumu wenyewe kutoka ndani ya tripu za kampuni zilizojiunga nalo, juu ya mizigo, chakula, mahali pa kulala na malipo. Jiunge. Ofisi yao ya Moshi pia inaazimisha nguo za mlimani bure, na hilo linamsaidia sana msichana ambaye hana jaketi wala buti na anaona aibu kuazima kwa mwanaume.

Kumpandisha cheo

Msichana akishafanya tripu tano sita, muulize anataka nini. Wengine watasema wanataka kubeba tu na kurudi kihambani kwao, na waachwe. Anayetaka kuongoza anazuiwa na vitu viwili: Kiingereza na leseni. Kiingereza afundishwe wakati wa masika, Aprili na Mei, mlima ukiwa hauna watu. Mwalimu mmoja wa sekondari jioni tatu kwa wiki anawatosha wasichana wanane. Mlimani mpe nusu saa kila siku atembee na wageni awaeleze miti, kuanzia lobelia na senesio, kwa maneno aliyonayo. Mafunzo ya leseni ya uongozaji yanagharimu, hivyo mkopeshe na umkate kidogo kidogo kwa makubaliano ya maandishi. Na tarehe za tripu zitoke mapema. Mwanaume anaweza kuitwa usiku akapanda asubuhi. Mama wa watoto wawili anahitaji siku kumi za kuzungumza na bibi yao.

Ofisini kwenu ukutani zipo picha za wazungu wakiwa kileleni. Ongezeni ya Wilfred Moshi, Mtanzania wa kwanza kufika kilele cha Everest, mwaka 2012, na ya Rawan Dakik, binti wa Kitanzania aliyefika huko mwaka 2021. Ongezeni ya Bernard Goosen wa Afrika Kusini, aliyefika kilele cha Uhuru kwa kiti cha magurudumu mwaka 2003 na akarudia 2007. Msichana anayekuja kuomba kazi anasimama mbele ya ukuta huo dakika ishirini akisubiri kuitwa.

Watu wenye ulemavu wanastahili maelekezo yao marefu, kwa leo nitasema moja nililojifunza. Niliwapandisha vijana viziwi hadi Horombo, na jioni ya kwanza mazungumzo yakakatika kabisa. Tochi za kichwani zilikuwa zinawapiga wenzao machoni, na mikono inayosema iko gizani. Kijana mmoja akavua tochi yake, akaifunga kifuani ikiangaza mikono yake. Wote wakafanya hivyo, na mimi. Tangu hapo huwa nawauliza wapandaji kabla ya safari kila kitu wanachokijua kuhusu miili yao, nisijifanye najua.

Mkishashuka

Subiri wiki moja baada ya tripu, watu wawe wameoga, wamelala, wamekula mtori wa nyumbani. Kisha yule mwanamke wa ofisini awapigie wagumu wa kike mmoja mmoja. Asiulize kama tripu ilikuwa nzuri. Watasema ndiyo, ilikuwa nzuri, asante mama. Awaulize walilala wapi kila usiku, kambi kwa kambi, na nani alikuwa karibu. Awaulize walipokea shilingi ngapi mkononi, alinganishe na karatasi iliyosainiwa. Mwisho awaulize kama watapanda mwezi ujao. Akisema hapana, aulizwe ni usiku upi alioamua hivyo.