Kupanga likizo ya bahari kisiwani Sicilia: mwongozo kwa familia ya Malindi

Mtoto aliyekulia Malindi huijua bahari kwa kujaa na kupwa kwake. Akienda Casuarina au Silversands huwa ameshajua, kwa kuutazama mwezi au kwa kuwasikia wavuvi, kama ni bamvua au ni maji mafu, na akipelekwa Mayungu hungoja maji yatoke ndipo fungu la mchanga lionekane. Siku yetu ya kwanza mjini Cefalù, katika pwani ya kaskazini ya Sicilia, kisiwa cha Italia, binti yangu wa miaka saba aliketi na ndoo yake mbele ya jiwe lililozama nusu, akingoja maji yapwe apate kuokota makombe. Adhuhuri ilifika na jiwe lilikuwa vile vile. Alipokuja kuniuliza maji ya huku hutoka saa ngapi, nilitambua kwamba tiketi, viza na nyumba nilikuwa nimezishughulikia kwa miezi mingi, lakini bahari yenyewe sikuwa nimeiulizia habari.

Mediteranea imezungukwa na nchi kavu karibu pande zote, na upande wa Atlantiki imefunguka kwa mlango wa Gibraltar peke yake, ambao sehemu yake nyembamba ina upana wa kilomita 14 hivi. Kwa sababu hiyo, katika sehemu kubwa ya fuo za Sicilia tofauti ya maji kujaa na kupwa kwa kawaida haipiti sentimita 30, ilhali kwetu wakati wa bamvua hupita mita 3. Majira ya maji tuliyozoea kuyahesabu hayana kazi kule. Kinachoitawala bahari ile ni msimu na upepo, na mzazi anayetaka kupanga vizuri aanze na mambo hayo mawili kabla hajatazama bei ya nauli.

Kuhusu msimu, likizo za shule zetu hazituachii nafasi kubwa ya kuchagua. Mwezi wa Aprili jua la Sicilia hupendeza, lakini maji huwa na nyuzi 16 hivi, na mtoto aliyezoea maji ya Malindi hatayavumilia hata dakika tano. Desemba ni majira ya baridi na mvua. Inabaki likizo ya Agosti, na kwa bahati njema huo ndio wakati maji ya huko yamepata joto lake kamili, nyuzi 26 hivi, na mvua ni haba sana. Ni wakati ule ule ambao kusi inavuma kwetu na mawimbi yanaleta mwani ufuoni, kwa hivyo familia haipotezi siku nzuri za nyumbani. Taabu ya Agosti ni moja tu, nayo ni kubwa: tarehe 15 ni sikukuu ya Ferragosto, ambapo Waitalia karibu wote huelekea baharini, fuo hujaa, barabara husongamana na bei za malazi hupanda. Ushauri wangu ni kuondoka mara tu shule zinapofungwa na kurudi kabla ya tarehe hiyo. Mwenye watoto ambao hawajaanza shule asubiri Septemba, kwani maji huwa bado yana joto na watu wamepungua.

Uchaguzi wa pwani ndio unaostahili muda mrefu zaidi, kwa sababu si kila ufuo wa Sicilia una mchanga. Mashariki, chini ya Taormina, sehemu nyingi ni za kokoto, na kaskazini ya Catania utakuta miamba myeusi iliyotokana na volkano ya Etna. Ni pwani nzuri kwa kijana anayejua kupiga mbizi, lakini inamchosha mtoto mdogo na mama anayembeba. Kwa familia yenye watoto wadogo ningetaja kwanza Mondello, karibu na Palermo, kisha Cefalù, kisha San Vito Lo Capo upande wa magharibi, ambako mchanga ni mweupe na maji huendelea kuwa mafupi kwa hatua nyingi kutoka ukingoni. Pwani ya kusini, kwa mfano Marina di Ragusa, nayo ina mchanga mwingi. Mlango wa Messina, unaotenganisha kisiwa na bara, una mikondo mikali, na mimi nisingewaogesha watoto huko.

Upepo nao una majina, kama ilivyo kwetu. Maestrale hutoka kaskazini-magharibi na kuchafua bahari ya pwani ya kaskazini, na siku hiyo pwani ya kusini inaweza kuwa shwari. Anayekaa mahali ambapo anaweza kuvuka kisiwa kwa gari hatapoteza siku. Scirocco hutoka Sahara, na unapovuma joto huwa la kutisha. Tarehe 11 Agosti 2021, karibu na mji wa Siracusa, zilipimwa nyuzi 48.8, kiwango ambacho Shirika la Hali ya Hewa Duniani limekithibitisha kuwa cha juu kabisa kuwahi kupimwa barani Ulaya. Kwa hiyo usikubali nyumba isiyo na kiyoyozi kwa kudhani kwamba sisi watu wa pwani tumezoea joto. Mwenye nyumba tuliyokodi alikuwa ameandika kwamba bahari iko karibu, na kweli ilikuwa karibu, ila ilikuwa chini ya ngazi ndefu ambazo mama mkwe wangu hakuweza kuzipanda jua likiwa kali. Kabla ya kulipa, uliza idadi ya ngazi, uliza kivuli, na uombe picha ya njia yenyewe.

Viza inayohitajika ni ya Schengen, na ombi hupokelewa si mapema zaidi ya miezi 6 wala si chini ya siku 15 kabla ya safari. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15, lakini unaweza kufika siku 45, kwa hivyo anayesafiri Agosti apeleke ombi mwezi wa Aprili au Mei. Ada ni euro 90 kwa kila mwenye miaka 12 na zaidi, euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na aliye chini ya miaka 6 halipi. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na ibaki na uhai wa angalau miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka Ulaya. Bima ya safari iwe ya kiwango kisichopungua euro 30,000 kwa kila mtu. Alama za vidole hutolewa ana kwa ana, ingawa watoto walio chini ya miaka 12 wamesamehewa. Mzazi anayesafiri na watoto bila mwenzake achukue vyeti vya kuzaliwa na barua ya ridhaa ya yule anayebaki, iliyotiwa sahihi mbele ya wakili. Malazi yachukuliwe kwa masharti yanayoruhusu kughairi bila hasara, hadi viza itoke.

Hakuna ndege ya moja kwa moja. Utapita Nairobi, kisha mji mwingine mmoja au miwili, ndipo ufike Palermo au Catania. Ukiwa na muda, fika Roma na upande treni ya kwenda kusini: huko Villa San Giovanni mabehewa huingizwa ndani ya feri na kuvushwa hadi Messina, na watoto waliowahi kuvuka Likoni hawatausahau uvukaji huo. Anayetaka kukodi gari achukue leseni ya kimataifa kabla ya kuondoka, aombe viti vya watoto, kwani sheria ya Italia inavitaka kwa mtoto ambaye hajafika sentimita 150, na asiingie mitaa ya kale yenye alama ya ZTL, yaani eneo lisiloruhusiwa magari yasiyo na kibali, ambako kamera hunasa namba ya gari na faini hufuata.

Kwa chakula, Waislamu hawatapata shida wakishika samaki. Waarabu walitawala kisiwa hiki tangu karne ya 9 hadi ya 11, na alama zao zimebaki jikoni: huko Trapani na San Vito Lo Capo hupikwa kuskusi kwa mchuzi wa samaki, nayo haiko mbali na ladha zetu. Lakini uliza kabla ya kula vitu vya kuoka na vitamu. Ganda la cannoli, lile linalojazwa jibini tamu, kwa asili hutengenezwa kwa mafuta ya nguruwe na mvinyo wa Marsala. Neno la kuuliza ni «strutto», yaani mafuta ya nguruwe, na hapa Malindi hukosi jirani anayezungumza Kiitaliano wa kukufundisha namna ya kulitamka. Kibla, ambacho kwetu ni kaskazini, kule ni kusini-mashariki.

Ufuoni kuna sehemu za kulipia, zenye miavuli na vitanda vilivyopangwa kwa safu, na kuna sehemu huru zinazoitwa «spiaggia libera», ambako unatandika leso yako na kukaa. Kwa siku za kwanza ningelipia, kwa ajili ya kivuli, choo na mwokoaji. Bendera nyekundu ikipandishwa, watoto wote watoke majini. Waulize wenyeji asubuhi kama kuna konyeza, kwa sababu wa bahari ile huunguza. Mwezi wa Agosti jua huzama karibu saa mbili usiku, hivyo siku igawanywe: majini tangu saa moja asubuhi hadi saa tano, ndani wakati maduka mengi yenyewe yamefungwa kwa mapumziko, kisha mkishaswali alasiri, kama saa kumi na moja, mteremke tena na kuogelea hadi magharibi.