Akiba ya nyumbani bila ya kujaza stoo

Bahari ikichafuka kwa kusi na vyombo vikachelewa kufika Malindi, bandari yetu ya mjini, sisi wa Unguja tunapata habari kwa mwenye duka: sukari imepanda, unga hakuna. Mimi naweka akiba ya wiki mbili tu.

Hatua ya 1: Pima mnachokula. Wiki nzima, kila ukipika, andika. Kwetu watu sita, mchele ni kilo moja na nusu kwa siku, basi akiba ni kilo 21. Weka mnachokila. Niliwahi kununua dengu kwa sababu zilikuwa rahisi. Watoto walizikataa mpaka zikatoboka.

Hatua ya 2: Ongeza kidogo kidogo. Kilo moja kila ukienda dukani, tena kabla ya Shaabani haijaanza kuisha. Kitu kikishaadimika usibebe gunia zima, na jirani naye ana watoto.

Hatua ya 3: Mchele ndio wenye kazi. Upepete kwa ungo, utoe chenga na vumbi, maana wadudu hupenda humo. Tia mkono hadi chini: ukihisi unyevu, utandaze kivulini penye upepo, jua kali huukatakata. Kisha kwenye ndoo kavu ya mfuniko wa kubana, pamoja na pilipili kavu chache. Ndoo ikae juu ya kibao, kwani masika sakafu hutoa jasho. Mafuta ya taa yasikaribie kabisa! Mwaka mmoja niliweka galoni pembeni, na pilau ya sikukuu ikanuka taa hadi wageni wakaomba mkate. Andika tarehe kwenye mfuniko, anza na wa zamani.

Hatua ya 4: Maji. Wengi wanayasahau. Unguja ilipokosa umeme kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, pampu nazo zilisimama, tukarudi visimani na ndoo kichwani. Kwa kunywa na kupikia tu, watu sita humaliza dumu la lita 20 kwa siku. Weka matatu, yaoshe kwa sabuni, badilisha maji kila wiki. Ya kisima yachemshe.

Hatua ya 5: Vilivyobaki. Chumvi, kibiriti, sabuni, ng'onda (samaki wakavu) wachache, na makaa nusu gunia hata kama una gesi. Mwenye mzee wa presha anunue dawa za mwezi ujao zikibaki za siku kumi, asingoje kidonge cha mwisho.